Watoto Wasiomo Katika Daftari

Mazungumzo ya mwanachama mmoja, karani wa mizigo, mbele ya mkutano wa tawi, juu ya hesabu za shule za Eldas. Yamepigwa chapa kwa ombi la ndugu waliokuwa zamu siku ile.



Katika mkutano wa mwezi uliopita ndugu mmoja alisimama akasema kwamba kodi zetu zinapelekwa North Eastern kujenga shule, lakini watu wa kule hawapendi masomo, na matokeo ya mitihani yaonyesha hivyo mwaka hata mwaka. Wengi walipiga makofi. Sikumjibu siku ile kwa sababu saa zilikuwa zimekwisha na watu wa zamu ya usiku walitaka kuondoka. Tena mtu aliyeleta hesabu yafaa ajibiwe kwa hesabu. Katibu amenipa nafasi leo, nami namshukuru. Nitasema juu ya mahali pamoja tu, Eldas, maana North Eastern ni kubwa na ninyi hamkuja kulala hapa.

Wengi wenu hamjui Eldas iko wapi, wala si ajabu, kwa sababu hakuna tikiti ya gari la moshi ya kwenda huko. Reli yetu ya kaskazini yaishia Nanyuki. Toka hapo mtu huenda Isiolo, halafu Modogashe, halafu Wajir mjini, na Eldas iko mbele ya mji huo, upande wa kaskazini magharibi. Ni jimbo moja kati ya majimbo sita ya Kaunti ya Wajir. Zamani lilikuwa sehemu ya Wajir West, likapata mbunge wake lenyewe katika uchaguzi wa 2013. Lina wadi nne: Eldas, Della, Lakoley South na Basir pamoja, na Elnur na Tula Tula pamoja. Watu wake ni Wasomali, na wengi wao ni wafugaji wa ngamia, mbuzi, kondoo na ng'ombe. Maji yakikauka mahali, watu hufunga mizigo juu ya ngamia wakahama, na watoto huhama nao.

Sasa hesabu. Ninyi mnajua kazi yangu. Behewa likifika, naliandika: nambari, mzigo, uzito, saa. Bwana mkubwa akifungua daftari langu atajua tani zilizofika stesheni. Lakini kama kuna mtu porini mwenye magunia 50 na hana njia ya kuyafikisha kwetu, magunia hayo hayamo katika daftari. Hayakuandikwa kuwa yamepotea, wala kuwa yamechelewa. Hayakuandikwa kabisa.

Wastani wa shule ni daftari la namna hiyo hiyo. Mtihani wa KCPE ulifanywa tangu 1985 mpaka 2023, na katika miaka yake ya mwisho ulikuwa na alama 500. Kupata wastani wa shule, watu walijumlisha alama za watoto waliokaa mtihani, wakagawanya kwa idadi ya hao waliokaa. Mtoto aliyeacha shule katika darasa la nne hakuhesabiwa, na mtoto ambaye hakuingia darasani hata siku moja hakuhesabiwa. Tuseme kuna vijiji viwili, kila kimoja kina watoto 100 wa umri wa mtihani. Hapa watoto 95 wakakaa mtihani, wakapata wastani wa 250. Kule watoto 20 wakakaa, nao wakapata 250. Hesabu ya wastani yasema vijiji hivi viwili ni sawa. Je, ni sawa?

Na kuna ubaya zaidi. Mwalimu mkuu wa kile kijiji cha pili akiwa mtu wa bidii, akazunguka katika maboma, akawaomba wazazi, akapata watoto wengine 30 walioanza shule wakubwa, waliokosa muhula huu na muhula ule kwa sababu ya kuhama, wastani wake hautapanda. Utashuka. Mwaka ule atasomwa mbele za watu kuwa ameshindwa, na jirani yake aliyewakataza watoto dhaifu wasifanye mtihani atasifiwa. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku kuzipanga shule kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, lakini katika mazungumzo ya watu, na katika mkutano wetu huu pia, shule zapangwa vile vile.

Basi hesabu gani yafaa? Mwaka 2013 ofisi ya takwimu ya Serikali, KNBS, pamoja na shirika liitwalo SID, walitoa vitabu juu ya tofauti za hali ya maisha katika kila kaunti. Kwa Wajir ilionekana kwamba zaidi ya watu 7 kati ya 10 hawakuwa na elimu yo yote ya shule. Hiyo ni hesabu kubwa kuliko wastani wa mtihani wo wote, na hakuna mtu aliyeitangaza kwa ngoma kama matokeo ya mtihani yanavyotangazwa. Angalieni lakini kwamba hesabu ile yachanganya mtoto na babu yake. Yaonyesha yaliyofanyika miaka mingi kabla mtoto wa leo hajazaliwa, na hayo nitayagusa kidogo.

Mimi nilisoma shule ya msingi iliyoanzishwa na misheni, na katika chumba hiki wengi wenu ni hivyo hivyo. Misheni walikuwa Rabai tangu 1846, kabla ya reli, lakini reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, shule zilifuata njia ile kama maduka yanavyofuata stesheni. Maseno ilianza 1906, si mbali na mwisho wa reli. Alliance ilianza 1926 pale Kikuyu, mahali penye stesheni. Kaskazini ilikuwa nchi iliyofungwa. Sheria ya 1902 na tena ile ya 1934 zilimzuia mtu kuingia au kutoka bila ruhusa ya Serikali ya kikoloni. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, mwezi ule ule kukatangazwa hali ya hatari kule kwa sababu ya vita vya Shifta, na hali ile haikuondolewa mpaka 1991. Sisi tulisherehekea Uhuru. Wao walipata amri ya kutotoka usiku.

Hapa nitasema jambo ambalo wazee wa chama hawatalipenda. Mwaka 1965 Serikali ilitoa Waraka Nambari 10, juu ya Ujamaa wa Kiafrika. Waziri wa Mipango aliyeusimamia ni Tom Mboya, yule yule aliyekuwa Katibu Mkuu wa Kenya Federation of Labour, ambaye picha yake tunaitundika kwa heshima. Waraka ule ulisema kwamba fedha za maendeleo zitiwe mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na watu walio tayari. Kwa mfanya biashara ni maneno ya akili. Lakini maana yake kwa Eldas ilikuwa kwamba aliyenacho aongezwe, na asiye na kitu angoje. Namheshimu Mboya kwa mengi, na katika hilo naona alikosea. Katiba ya 2010 imejaribu kurekebisha kwa kuweka mfuko wa kusawazisha, nusu ya asilimia moja ya mapato ya Serikali kila mwaka. Someni kifungu cha 204: chataja maji, barabara, afya na umeme. Shule haikutajwa kwa jina.

Ndugu yetu ataniuliza: mbona karo iliondolewa kule mwaka 1971, katika wilaya kavu, kabla ya kuondolewa kwetu, na shule hazikujaa? Ni swali la haki. Jibu ni kwamba karo haikuwa kizuizi kikubwa. Shule ilikuwa mbali, nayo haihami. Mtoto wa mfugaji ana kazi, mbuzi hawajichungi. Na kabla ya shule ana chuo. Wasomali huita duksi. Mtoto wa miaka mitano au sita hukaa chini ya mti na ubao wake wa mbao, akajifunza Kurani kwa moyo kutoka alfajiri, na mwalimu wake hulipwa na wazazi, mara nyingine kwa mnyama. Ndiyo maana wengi huingia darasa la kwanza wakiwa wamechelewa. Mimi ni Mkristo, lakini nawauliza: watu wanaomtoa mwana-kondoo ili mtoto ajue kusoma, twaweza kusema hawapendi masomo? Tangu 2013 sheria ya elimu imeweka baraza la elimu ya wahamaji, NACONEK, na kuna shule za kuhama ambazo mwalimu hufuatana na boma. Hiyo ni njia ya akili. Bado ni ndogo.

Na kuna chakula. Watoto wengi wa nchi kavu waliletwa darasani na sufuria. Chakula kile kilitolewa miaka mingi na shirika la WFP, likaikabidhi Serikali kazi hiyo mwaka 2018. Halafu toka mwisho wa 2020 mvua zikakosa misimu mitano mfululizo. Ngamia walikufa. Mahali ambapo sufuria ilikuwa tupu, darasa nalo lilikuwa tupu.

Nirudi kwenye daftari, maana daftari ndilo laleta fedha. Serikali hutoa fedha kwa shule kwa kuhesabu vichwa. Mwaka 2003 ilikuwa shilingi 1,020 kwa mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka, baadaye ikawekwa 1,420. Mwaka 2017 ukaja mpango wa kuandikisha wanafunzi kwa kompyuta, NEMIS, nao ulitaka nambari ya cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa bomani, mbali na hospitali na ofisi ya msajili, hana cheti. Yumo darasani, mwalimu anamwona, lakini kwa kompyuta hayupo, na shilingi zake haziji. Huku kwingine katika nchi kuna wanafunzi hewa, waliomo katika daftari na hawamo darasani, hata mwaka 2025 Wizara ikaamrisha shule zihakikishwe upya. Ajabu ya nchi hii ni kwamba asiyeko hulipiwa, na aliyeko hakosi kukosa.

Mtasema, basi wazazi waende wakaandikishe. Lakini ni lazima kujua kwamba kuhesabiwa na Serikali huko Wajir si jambo jepesi kama kwetu. Mwezi wa Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na askari, wakapelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ya siku zile ilikubali watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliona kwamba waliokufa wafika karibu elfu moja. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipigwa msasa tena na kupewa kadi yao ya pekee. Na sensa ya 2009 ilipotoka, mwaka 2010 waziri aliyehusika akayafuta matokeo ya wilaya nane, zaidi ya nusu yake za North Eastern, akisema watu wamezidi. Mtu aliyepita katika hayo, akiona karani na kalamu, hana haraka ya kutaja idadi ya wanawe. Na kama hatuna hakika watoto ni wangapi, hatuwezi kusema kwa hakika ni wangapi wako nje ya shule. Kila upande huchukua hesabu inayoufaa.

Sasa nafika penye jambo letu sisi chama. Kiwango cha Serikali ni mwalimu 1 kwa watoto 40. Waalimu wenyeji wa kule ni wachache, kwa sababu waliomaliza Kidato cha Nne kwa alama za kutosha ni wachache, na hao ni wachache kwa sababu hawakuwa na waalimu. Kwa muda mrefu pengo lilizibwa na waalimu wa kutoka huku: Wakikuyu, Wakamba, Waluo, Waluhya, Wataita. Ni watoto wetu na ndugu zetu.

Mnajua yaliyowapata. Tarehe 22 Novemba 1914 si siku ya kukumbukwa hapa; nasema 22 Novemba 2014, basi lilisimamishwa karibu na Mandera, watu 28 wakauawa, wengi wao waalimu wakienda nyumbani likizo. Tarehe 2 Aprili 2015, katika chuo kikuu cha Garissa, waliuawa watu 148. Waalimu wengi walikataa kurudi, wakakaa mbele ya ofisi kuu ya TSC Nairobi. Desemba 2015 basi jingine la Mandera lilishambuliwa, na mwalimu Mwislamu, Salah Farah, akakataa kutengwa na Wakristo. Alipigwa risasi, akafa Januari 2016. Februari 2018, katika shule ya Qarsa, Kaunti ya Wajir, waliuawa waalimu wawili na mke wa mmoja wao. Januari 2020, Kamuthe, Garissa, waalimu watatu. Baada ya hapo TSC ikawaondoa waalimu wasio wenyeji kutoka sehemu nyingi za kaunti zile tatu.

Shemeji yangu alikuwa katika hao walioondoka Wajir. Dada yangu alilala usingizi mara ya kwanza kwa miezi. Mimi sitasema kamwe kwamba alifanya vibaya, na chama cha waalimu, KNUT, ambacho kimesimama tangu 1957, kilifanya haki kuwatetea. Dreva akiambiwa apitishe gari juu ya daraja lililovunjika, sisi twamwambia ashuke, na tawi zima lasimama nyuma yake.

Lakini mzigo wetu waweza kungoja daraja litengenezwe. Mtoto wa darasa la nane hangoji. Shemeji aliniambia alipoondoka alimwachia chaki kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, ambaye wazazi walimchangia mshahara. Miezi miwili baadaye, Machi 2020, korona ikafunga shule za nchi nzima, na masomo yakawa ya redio na televisheni. Mtihani wa KCPE wa mwaka ule ulifanywa Machi 2021. Mtoto wa Eldas alipewa karatasi ile ile aliyopewa mtoto wa Nairobi, na alama zake zikawekwa katika mstari ule ule. Hizo ndizo hesabu ambazo mwezi uliopita tulizipigia makofi.

Dawa yake ni waalimu wenyeji, hilo kila mtu asema. Mwaka 2018 Wizara ilitaka vijana wa kaunti 17 za nyuma waingie vyuo vya ualimu na alama ya D+ badala ya C. TSC ikakataa, ikisema ualimu utashushwa. Mimi naona wote wawili walitazama mlangoni tu, hawakutazama mwisho wa chuo. Huku reli hatukuletewa mafundi waliokwisha iva. Walichukuliwa vijana wa darasa la saba na la nane, wakafundishwa miaka, na asiyeweza kazi hakupewa spana. Mchukueni kijana wa Eldas na D+ yake, mfundisheni mwaka mmoja zaidi, mpimeni kwa ukali anapotoka. Akishinda, huyo hatapanda basi la kukimbia, maana ni kwao.

Lakini alipwe. Waalimu wa shule za sekondari ya chini walioajiriwa toka 2023 kwa jina la wanagenzi walipewa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kazi ya mwalimu mzima. Aprili 2024 Mahakama ya Kazi ikasema jambo hilo si halali, waalimu wakagoma, na Januari 2025 waalimu 46,000 wakaandikwa kazi ya kudumu. Ushindi ule ni wao, wala hatukuwasaidia kwa barua moja. Watu wa nchi kavu wasije wakafanywa mahali pa kujaribia mwalimu wa bei rahisi.

Neno la mwisho ni la mwaka huu. KCPE imekwisha, mitihani mipya imeanza. Kundi la kwanza lilifanya KPSEA mwaka 2022 katika Gredi ya 6, na KJSEA mwaka 2025 katika Gredi ya 9. Fanyeni hesabu: waliokaa mtihani ule wa 2025 ndio waliokuwa Gredi ya 4 Januari 2020, mwezi waalimu walipoondolewa. Nataka kujua, kwa kila shule ya Eldas, walikuwa wangapi Gredi ya 4, na wangapi walifika chumba cha mtihani. Hesabu hizo mbili zikiandikwa pamoja katika mstari mmoja, ndipo mtu aweze kusimama hapa akasema nani hapendi masomo.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta azimio kwamba tawi hili liiandikie COTU, na nakala kwa KNUT na KUPPET, kuitaka Wizara ya Elimu ichapishe idadi ya watoto walioanza pamoja na idadi ya waliofanya mtihani. Na kwamba twaunga mkono waalimu wa kaunti zile tatu katika madai ya ulinzi, nyumba ndani ya shule, na marupurupu ya mazingira magumu. Katibu anayo karatasi. Naomba ndugu yetu aliyesema mwezi uliopita apewe nafasi ya kwanza ya kulipinga au kuliunga mkono.